Kosa Nililomficha Aleena

Jumamosi, 10 Januari

Aleena amekuja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la leo, na nadhani ndilo jambo la tangu Idi. Mjukuu wangu ana miaka kumi na sita. Anakaa Scarborough na wazazi wake, na kutoka kwao hadi kwangu hapa Flemingdon Park, Toronto hii hii, ni mabasi mawili na kungoja kwingi kwenye baridi. Hakuja kunisalimu. Alikuja na kompyuta mgongoni na shida ndani ya kompyuta.

"Dadima, Papa anasema ulikuwa unaandika programu."

"Zamani, kabla hujazaliwa. Ofisi ya bima."

"Basi uiangalie hii yangu. Imekuwa kichaa."

Yeye husema Kiingereza, mimi humjibu Kiswahili. Ndivyo tulivyo tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa. Humu nayaandika maneno yake kwa lugha yangu. Ndiyo lugha niliyofundishia hesabu Morogoro hadi tulipohama, na mpaka leo nikihesabu kitu kichwani nahesabu kwa Kiswahili.

Shida yenyewe ni mradi wake wa sayansi shuleni. Ametengeneza programu ya kupima nywila, yale maneno ya siri tunayofungulia simu na benki. Unaandika neno lako, programu inaangalia urefu wake, inaangalia kama limo katika orodha ya maneno ambayo mwizi angeyajaribu kwanza. Likiwa rahisi, kioo kinageuka chekundu. Likiwa gumu, kijani. Lakini ya Aleena inawaka kijani kwa maneno ambayo hata mwizi mlevi angeyajaribu. Na siku nyingine neno lile lile linakuwa jekundu. Ndilo linalomtia wazimu.

Maonyesho ni tarehe 26 Februari. Miradi miwili tu ya shule itakwenda kwenye maonyesho ya jiji. Mwalimu wake, Bwana Haider, amewakataza kuuliza zile mashine za kujibu kila kitu. Anataka kila mtoto aeleze mwenyewe jinsi alivyolitafuta kosa. Kumuuliza bibi hakukatazwa.

Alikula sahani nzima ya mogo, muhogo wetu wa kukaanga. Mlangoni, akivaa viatu vya theluji, akasema, "Nitakuja tena Jumamosi."

Jumapili, 11 Januari

Mwanangu Aleem, baba yake Aleena, kaleta dawa. Akauliza habari za miguu. Nikamwambia haijavimba.

Jumatano, 14 Januari

Kwa daktari. Moyo wangu umechoka, na uchovu wake si wa kupumzika ukaisha. Akaniuliza kama nataka kupasuliwa, nikasema hapana. Akauliza kama wanangu wanajua hali ilivyo. Nikasema ndiyo. Ni binti mdogo, ana macho ya kuaminiwa, nikaona aibu kumdanganya. Lakini nilimdanganya.

Jumamosi, 17 Januari

Aleena tena. Nilimfundisha namna yangu ya darasani. Morogoro hatukuwa na kompyuta, hivyo nilipofundisha mambo ya mpangilio niliwafanya wanafunzi wenyewe wawe mashine. Nikatoa trei tupu la mayai na kopo la maharage. Kila shimo ni neno moja la orodha yake. Kila harage ni herufi moja. Kidole ndicho programu: kinapita shimo kwa shimo, kinauliza, "Ni wewe? Ni wewe?"

"Dadima, hii ni shule ya chekechea."

"Pitisha kidole."

Akapitisha. Kwanza alicheka, halafu akaacha kucheka, akasogeza kiti. Ana paji la uso la marehemu babu yake. Linakunjwa katikati anapofikiri. Nilikuwa sijawahi kuliona likikunjwa. Huku kwetu amekuja siku za sikukuu tu, na siku za sikukuu hakuna anayefikiri.

Hatukulipata kosa.

Jumanne, 20 Januari

Baridi kali. Sikutoka.

Jumamosi, 24 Januari

Leo nimemshusha Aleena chini, kwenye chumba cha jumuiya, wazee wanapokunywa chai Jumamosi. Alitaka watu wa kujaribia. Akasimama mbele yao na kompyuta yake, akawaambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: "Tafadhali, hapana sema ile ya kweli. Sema ile inafanana."

Mzee Nazarali akakunja mikono. "Yangu hata marehemu mke wangu hakuijua."

"Yako ni Songea," akasema Khatijabai, rafiki yangu wa ghorofa ya tisa, bila hata kuinua kichwa kwenye kikombe.

"Nani kakuambia?"

"Umezaliwa wapi?"

"Songea."

"Basi nani aniambie?"

Chumba kizima kilicheka, Nazarali akiwa wa mwisho. Lakini ikaonekana ni kweli kwa karibu wote. Kila mtu amechukua mji aliouhama, akaubandika mwaka aliohama. Khatijabai ni Kigoma. Sikander ni Lindi. Tumevuka bahari, tumezeeka kwenye theluji, na kila asubuhi tunaandika jina la kwetu ili benki itufungulie. Na kwa kompyuta ya Aleena yote yalikuwa kijani, kwa kuwa orodha yake karibu yote ilikuwa ya maneno ya Kiingereza. Haikuwahi kusikia Lindi.

Akaiongeza miji yetu hapo hapo, isipokuwa Songea aliyoisahau; tarakimu za mwaka programu huziondoa kabla ya kulinganisha. Kigoma ikaja mwisho. Khatijabai akaandika neno lake tena: jekundu.

"Nimekamatwa!" akapiga kelele, mikono juu.

Aleena akawasihi wote wabadilishe nywila zao wakifika nyumbani. Wakaahidi kama watoto wanavyoahidi kupiga mswaki.

Jumamosi, 31 Januari

Nimelipata.

Leo asubuhi Aleena aliongeza Songea chini ya Kigoma, tukashuka tena. Nazarali akawa mwekundu. Khatijabai akajaribu lake la wiki iliyopita: kijani.

"Nimepata dhamana," akamwambia Nazarali. "Wewe kaa ndani."

Aleena hakucheka. Alipanda nami kwenye lifti, uso umemwiva. Alipokwenda jikoni kuchemsha chai nikatoa trei. Nikapanga maneno manne ya orodha, nikapitisha kidole. Simba, kijani. Toronto, kijani. Kigoma, kijani. Songea, jekundu. Kila mara linalokamatwa ni neno la chini kabisa, na likiongezwa jingine chini yake, hilo la kwanza linaachiwa. Basi kuna kitu ambacho maneno yote yanacho isipokuwa la mwisho.

Nikakumbuka. Aleena akiandika orodha, baada ya kila neno hubonyeza kitufe cha kushuka mstari. Mkono wa mtu unakisahau kitufe hicho, kompyuta haikisahau. Inakihesabu kuwa herufi, herufi isiyoonekana, na inaibandika nyuma ya neno kama mkia. Khatijabai akiandika Kigoma, programu inailinganisha na Kigoma yenye mkia, inasema hizi hazifanani, inawasha kijani. Neno la mwisho halina mkia kwa sababu baada yake hakubonyeza kitu. Dawa ni mstari mmoja tu: kata mkia kwanza, ndipo ulinganishe. Ofisini kosa hili tuliwaachia vijana wageni walitafute wenyewe. Lilikuwa kama jando lao.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumwita. Akawahi yeye, kutoka jikoni:

"Dadima, tukimaliza tu hii, Jumamosi zangu zinarudi! Wenzangu wanakwenda kuteleza kwenye barafu kila wiki, mimi sijaenda hata mara moja."

Nikayarudisha maharage kwenye kopo.

Akaingia na vikombe. "Umeona kitu?"

"Bado," nikasema.

Ni neno dogo. Nimeliandika hapa nilitazame. Nimekuwa mwalimu, nimekuwa mama, na sikumbuki kama niliwahi kumnyima mtoto jibu ambalo tayari alikuwa amelifanyia kazi. Nilijiambia ni kwa wiki moja. Nilijiambia pia kwamba atajifunza zaidi akilipata mwenyewe, na hilo ni kweli, na silo lililonifunga mdomo.

Jumamosi, 7 Februari

Kaja mapema. Alisema labda kosa liko katika orodha. Alikuwa amekaribia kabisa, kidole chake kilikuwa juu ya mstari wenyewe. Nikamwambia, "Mimi naona tatizo ni pale unapohesabu urefu wa neno. Andika upya sehemu ile yote."

Akaniamini. Nilimtuma bondeni kumtafuta mbuzi aliyefungwa mlangoni.

Tulipika kuku paka pamoja, yule wa tui la nazi. Nilimfundisha kukaanga kitunguu hadi kinukie bila kuungua. Alinisimulia juu ya rafiki yake aliyehamia mji mwingine, na jinsi anavyokula peke yake shuleni siku za Jumanne. Mama yake, Amreen, hajui. Mimi ndiye ninayejua.

Jumatatu, 9 Februari

Theluji tangu alfajiri. Bonde lote jeupe, magari ya barabara kuu yanakwenda kama mchwa. Nalala kwa mito mitatu sasa. Nikilala chali pumzi inakatika.

Jumamosi, 14 Februari

Ameandika upya sehemu nzima ya kuhesabu urefu, kama nilivyomwambia. Wiki nzima, kila siku baada ya shule. Ni kazi safi. Kosa liko pale pale.

"Sielewi," akasema. "Nimefanya kila ulichosema."

Alilala kwenye kochi alasiri, kompyuta kifuani. Nikamfunika shali yangu. Nikasema moyoni: akiamka namwambia. Alipoamka akasema, "Unajua, Jumamosi ndiyo siku yangu nzuri kuliko zote, hata kama hii takataka haifanyi kazi." Nikaona kwamba nikimwambia nitaiharibu ile siku. Mtu akitaka sababu hazikosi.

Jumamosi ijayo ni ya mwisho kabla ya maonyesho. Nitamwambia siku hiyo, liwalo na liwe. Mstari mmoja tu, muda utatosha.

Jumapili, 22 Februari

Naandika kutoka hospitali. Alhamisi nilianguka bafuni. Khatijabai ndiye aliyenikuta. Alikuja kurudisha bakuli. Mapafu yamejaa maji. Sasa Aleem anajua yote, daktari amemweleza. Alikaa pembeni ya kitanda na koti lake mapajani, mwanamume wa miaka hamsini, akasema, "Ma, kwa nini hukuniambia?"

Jana Jumamosi Aleena alikuja hapa. Hakuileta kompyuta. Nilikuwa na barakoa ya oksijeni, lakini ningeweza kuivua. Watu huivua ili wanywe maji. Alikaa saa nyingi amenishika mkono, akiwa amekwisha kulia mahali pengine kabla ya kuingia. Akasema, "Usifikirie mradi, Dadima. Mradi si kitu."

Nikaacha barakoa ilipo. Tarehe 31 Januari niliweza kusingizia upweke. Jana sikuwa mpweke. Alikuwa hapo hapo, mkono wake ndani ya wangu, na bado nilinyamaza, kwa kuwa nilichokitaka nilikuwa nimekipata.

Alhamisi, 26 Februari

Leo ndiyo siku ya maonyesho. Nimeomba nikiwa kitandani. Sijui hata nimeomba nini.

Ijumaa, 27 Februari

Nimerudi nyumbani. Aleem kanisimulia njiani, macho yake barabarani.

Jaji mmoja alifika kwenye meza yake, mtu mpole. Aleena akaeleza vizuri, mbele ya ubao alioupamba mwenyewe, na picha ya trei letu la mayai pale katikati. Jaji akasema ngoja nijaribu. Akaandika toronto. Kijani. Akaandika simba, kwa kuwa aliona neno hilo kwenye ubao wake, katika mifano ya maneno dhaifu. Kijani. Akamwuliza kama anajua sababu. Aleena akasema hajui. Jaji akamshukuru, akaenda meza ya pili.

"Alisimama pale mpaka jioni, Ma," Aleem akasema. "Ilibidi. Hairuhusiwi kuondoka kwenye meza."

Jumamosi, 28 Februari

Hakuja. Kwa nini aje?

Jumatano, 4 Machi

Khatijabai alipanda na supu. Kwetu mtu akiona safari ya mwenzake iko karibu, huja kutakana naye radhi, na yeye hajawahi kuchelewa kwa lolote.

"Gulshanbai, kama nimekukosea, nisamehe."

"Umenikosea nini?"

"Chapati zangu. Zote. Tangu siku ya kwanza."

"Zile sitazisamehe."

Alicheka hadi akatoa leso. Halafu akaniuliza kama na mimi nina wa kumtaka radhi. Nikamwambia yuko mmoja. Akasema, "Basi uombe ukijua kwamba kuomba si kupewa."

Jumamosi, 7 Machi

Leo kaja. Baba yake alimtuma alete chupa za oksijeni na achukue nguo za kufua. Alikuwa mpole, mpole kama mtu anayehudumia mgonjwa. Nikamwuliza habari za shule.

"Nimebadilisha masomo ya mwaka ujao. Nimeitoa kompyuta."

"Kwa nini?"

Akaendelea kukunja mashuka. "Dadima, wiki zote zile nimetazama kitu kimoja na sikukiona. Kuna watu wana kichwa cha mambo haya. Mimi sina. Si kitu, ni vizuri kujua mapema."

Darasani nilisikia wasichana wengi wakisema hivyo, kila mmoja kwa sauti hiyo hiyo ya kujifanya hajali. Na mara zote nilijiuliza ni nani aliyemtia mtoto maneno hayo, nikaenda kumtafuta: baba, au kaka, au mwalimu mwenzangu. Safari hii sikuwa na haja ya kutafuta.

"Lete trei," nikasema.

"Dadima, pumzika."

"Lete trei, mwanangu."

Nikapanga yale maneno manne. Mikono yangu haikazi tena, maharage yalinianguka, akayaokota. Halafu baada ya kila neno, isipokuwa la mwisho, nikaweka harage moja jeusi. Nikamwambia, "Hiki ni kile kitufe unachobonyeza ili ushuke mstari."

Alitazama. Paji la uso likakunjwa. Haikuchukua hata muda wa kumeza funda la chai.

"Inakihesabu," akasema taratibu. "Kiko kwenye neno. Kwa hiyo neno la mwisho tu..." Akainua uso, na uso ulikuwa umewaka furaha. Naapa ilikuwa furaha, ya mtu aliyefungua mlango mzito. "Dadima! Umelipata!"

"Ndiyo."

"Lini? Hospitali?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Mlango ulikuwa wazi kabisa na yeye mwenyewe ndiye aliyeufungua.

"Mwezi wa kwanza," nikasema. "Tarehe thelathini na moja. Ulikuwa jikoni unachemsha chai."

Niliona akihesabu. Aliipita ile wiki ya kuandika upya, akaupita ule usingizi wa kochini, akaipita hospitali, akafika kwenye ile meza ya maonyesho, akasimama.

"Nilisema ni orodha. Nilisema. Ukaniambia ni urefu."

"Nilijua si urefu."

"Kwa nini?"

"Ulisema tukimaliza Jumamosi zako zitarudi. Nikataka zibaki kwangu."

Alisimama. Alilitafuta koti lake na lilikuwa mbele yake. "Ungeniambia tu nije. Ungesema, Aleena njoo. Ningekuja."

"Ungekuja mara ngapi?"

Ni swali baya kumwuliza mtoto, na nililijua ubaya wake lilipokuwa bado ulimini. Lakini huyu mtoto ni mkweli kuliko mimi. Alifikiri. Akanijibu kwa Kiswahili, jambo asilolifanya kamwe tukiwa wawili.

"Sijui."

Nikamwambia: "Kosa halikuwa kichwani mwako. Ulilikaribia mwezi uliopita, nikakurudisha nyuma kwa mkono wangu. Nichukie mimi. Usijifanye mjinga kwa ajili yangu. Na kama unaweza, nipe radhi. Kama huwezi, usinipe."

Hakunipa. Akavaa viatu na kwenda. Mfuko wa nguo za kufua aliuchukua, na mlango aliufunga polepole, maana alilelewa vizuri. Ingekuwa nafuu kwangu kama angeubamiza.

Jumapili, 8 Machi

Aleem kwa simu. "Ma, umemfanya nini mtoto? Hali chakula." Nikamwambia. Kisha akasema nimeze dawa zangu kwa wakati.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua juu ya theluji. Bonde limekuwa rangi ya majivu.

Jumamosi, 14 Machi

Nilikaa dirishani, panapoonekana kituo cha basi. Nilikuwa najua haji, lakini nilikaa.

Siku zote nilimwona kuwa mtoto mwepesi, wa simu na vicheko, kama Aleem anavyomwona. Nilidhani alinihitaji kwa ajili ya programu tu. Sasa namkumbuka akisema "hata kama hii takataka haifanyi kazi", na naelewa alikuwa ananiambia kitu ambacho sikukisikia, kwa sababu nilikuwa nikilinda kosa langu kama mlinzi wa ghala.

Jumanne, 17 Machi

Muuguzi ameongeza dawa ya kutoa maji mwilini. Hakusema kwa muda gani. Sikumwuliza.

Jumamosi, 21 Machi

Navroz, mwaka mpya wetu. Nilivaa sari yangu ya kijani, Khatijabai akinishikia pini na kunitukana kwa kukonda. Jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, sikuweza kwenda. Saa za mchana Aleem, Amreen na Aleena wakaja na tambi, na mfuko mdogo wa nafaka za baraka: mchele, dengu na lozi.

Aleena alinibusu shavu bila kunitazama. Tulikula. Aleem na mkewe wakashuka kuwasalimia wazee, na mimi nikajua wamepanga kushuka. Aleena akaenda kwenye begi lake, akatoa kompyuta, akaiweka mapajani pangu juu ya sari.

"Haifanyi kazi," akasema. Mikono imekunjwa kifuani.

Nikavaa miwani. Aliandika toronto mbele yangu. Kijani. Nikasogea hadi sehemu ya orodha. Mstari wa kukata mkia ulikuwapo, ameuandika vizuri, kwa ufupi kuliko ambavyo ningeuandika mimi. Lakini mwanzoni mwa mstari kulikuwa na alama ya reli, ile inayoiambia kompyuta iupite mstari bila kuusoma. Alama ile haijiweki yenyewe.

Nilijua ni nini. Nilijua pia kwamba nikijibu, kazi imekwisha, na safari hii kweli imekwisha. Sikungoja hata nipate pumzi.

"Alama ya reli," nikasema. "Iondoe, mkia utakatika."

Alinitazama. Akaiondoa. Akaandika toronto: jekundu. Simba: jekundu. Kigoma, Songea, Lindi, yote mekundu, moja baada ya jingine.

"Umesema upesi," akasema.

"Ndiyo."

Nikangoja afunge kompyuta. Nikatazama koti lake lilipo, kwenye kiti karibu na mlango, nikajiandaa kulitazama likivaliwa. Yeye akavuta kile kiti chenye koti, akakileta karibu na changu, akaketi juu ya koti lenyewe.

"Yako ni ipi?" akauliza. "Kila mtu chini kasema yake. Wewe hukusema."

"Ni aibu."

"Sema."

"Ni jina lako. Na mwaka uliozaliwa."

Akaandika aleena chini kabisa ya orodha, akabonyeza kitufe cha kushuka mstari kwa makusudi, kwa nguvu, akijaribu mkia wake. Halafu akapima. Jekundu.

"Mbaya sana, Dadima," akasema, na akacheka, na kicheko kikamgeukia katikati kikawa kitu kingine. Akalaza kichwa begani kwangu. Bega la sari yangu lilikuwa limelowa wazazi wake waliporudi. Hakusema amenisamehe, nami sikumwuliza.

Kabla hawajaondoka nilisikia akimwambia baba yake kwenye varanda ya lifti kwamba Jumatatu atakwenda kwa Bwana Haider kurudisha somo la kompyuta, kama nafasi bado ipo.

Jumapili, 22 Machi

Pumzi fupi leo. Kalamu nzito.

Aleena kapiga simu. Atakuja Jumatano baada ya shule, na Jumamosi pia.

Hakuna kosa lolote katika programu.